Nilivyohama Tunduma kuufuata mlima

Nilifika Tunduma mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipokuwa mkoa. Nilitafuta chumba kwa kigezo kimoja: kiwe karibu na mpaka. Mimi ni wakala wa forodha, na mwenye lori la kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hangoji mtu. Nikalipa kodi ya miezi sita. Maisha yangu yakawa foleni ya malori, makaratasi, chipsi za usiku na simu isiyozimwa.

Kila nikienda Mbeya, basi lilipita Mbalizi na Mlima Mbeya umesimama pale juu, karibu mita 2,800, mimi nimeinamia simu. Nilidhani kupanda milima ni kazi ya watalii wa Kilimanjaro. Presha ilipoanza kunisumbua, daktari akaniambia nifanye mazoezi. Nikaitikia, nikarudi kukaa.

Aliyenitoa pale ni kijana mmoja, kuli wa mpakani. Nilikuwa nikimcheleweshea ujira wake, naye alijua fedha ninazo. Siku moja akaniambia, "Bosi, Jumamosi mimi na wenzangu wa kwaya tunapanda Mlima Mbeya. Twende." Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali.

Njia hupita kwenye nyasi, kisha inakuwa kali. Juu yanaanza mawe, na hapo miguu peke yake haikunitosha. Nilishika jiwe la baridi, limelowa ukungu, mwili ukanitetemeka. Mbele siwezi, nyuma siwezi. Wenzake wakatangulia. Yeye akashuka hadi nilipo, akakishika kisigino changu, akakiweka kwenye ufa wa mwamba. "Kanyaga hapa, bosi. Usihamishe mkono kabla mguu haujatulia." Deni hakulitaja, si siku ile wala baadaye. Kileleni nililia mbele ya wanakwaya wote. Jumatatu nikamlipa kila kitu.

Sikubadilika mara moja. Niliahidi kurudi, lakini kutoka Tunduma ni mwendo wa karibu kilomita mia, na kila Jumamosi lilitokea lori. Niliomba sana juu ya jambo hili. Mwisho nikahamia Mlowo, katikati ya mpaka na mlima. Asubuhi nashuka kazini, Jumamosi alfajiri napanda Costa ya Mbalizi. Wateja kadhaa niliwapoteza, na mke wangu alinuna kwa muda. Dawa ya presha bado nameza. Lakini usiku nalala, na mawe yaliyonitetemesha sasa nayapita nikiongoza wengine, kwa neema ya Mungu na ya kijana yule.

Ndugu yangu unayetafuta nyumba, kabla hujalipa ile miezi sita, uliza mlima uko umbali gani kama unavyouliza maji na umeme. Usianze wakati wa masika, mawe yanateleza. Subiri Juni, na usiende peke yako. Ukikosa mwenzio, njoo Mlowo Jumamosi alfajiri, twende pamoja.