Msiba Ulioandikwa Kabla ya Kufika

Zhang Sanfeng anatimiza miaka 100. Ukumbi wa mlima Wudang umejaa wageni, na wengi wao hawakuja kwa heri: wanataka mwanafunzi wake wa tano, Zhang Cuishan, ataje alikojificha Xie Xun, ndugu yake wa kuchanjiana, aliyewaulia jamaa zao. Cuishan hasemi. Tena saa ile ile ametambua kwamba mkewe alikuwa na mkono katika kulemazwa kwa mwanafunzi mwenzake, na aibu hiyo hana pa kuitua. Anajikata koo kwa upanga mbele ya mwalimu wake. Nje ya dirisha inasikika sauti ya mtoto ikiita, "Baba! Baba!"

Jin Yong aliandika tukio hili katika riwaya ya Upanga wa Mbingu na Kitara cha Joka, iliyotoka kipande kipande kati ya 1961 na 1963 kwenye Ming Pao, gazeti alilolianzisha mwenyewe Hong Kong mwaka 1959. Mwandishi wa tahariri na mwandishi wa hadithi alikuwa mtu yule yule, na kesho yake wasomaji walitaka kipande kingine. Mtu akiandika kwa kasi hiyo hufanya kifo kiende mbio. Mzee wa miaka 100 anafiwa, na baada ya kurasa chache tumeshashika njia nyingine pamoja na yatima.

Wakati huo mwana mkubwa wa Jin Yong alikuwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1976 kijana huyo, mwanafunzi mjini New York, alijitoa uhai akiwa na miaka 19. Baba yake alikuwa katikati ya kazi ndefu ya kusahihisha riwaya zake zote. Machi 1977 alipofika kwenye maneno ya mwisho ya riwaya hii alikiri kwamba majonzi ya Zhang Sanfeng, na ya Xie Xun alipoambiwa mtoto wake wa kupanga amekufa, aliyaandika juu juu mno. Maisha hayako hivyo, alisema. Enzi hizo alikuwa hajaelewa.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Jin Yong alikuwa mzazi tayari alipoandika. Kilichoniganda ni kwamba hakuja na sura mpya ya maombolezo ili kuziba pengo. Mwandishi aliyekuwa akipangua mambo chungu nzima katika vitabu vyake aliliacha tukio lile na upungufu wake, akauambia umma kuwa ni pungufu.

Wenye kamera hawana subira hiyo. Televisheni ya TVB iliigeuza riwaya hii kuwa tamthilia mwaka 1978, ikairudia 1986 na Tony Leung Chiu-wai akiwa Zhang Wuji, huyo yatima. China Bara na Taiwan nazo zikaja na zao, moja mwaka 2003, nyingine 2009, nyingine 2019. Katika nilizoziona, ukumbi wa Wudang huandaliwa kwa kilio kirefu: ndevu nyeupe zinatetemeka, filimbi inapanda, picha inapunguzwa mwendo. Waigizaji ni hodari, sibishi. Ila kadiri machozi yanavyoongezwa ndivyo ninavyoyakumbuka yale maneno ya 1977, ambayo hayana wa kuyaigiza.

Hata hivyo kuna jambo ambalo skrini ilifanya na kitabu kisingeweza. Mwaka 1983 TVB ilitoa vipindi 59 vya riwaya nyingine ya Jin Yong, ile ya wapenzi Guo Jing na Huang Rong, na Huang Rong aliigizwa na Barbara Yung: mcheshi, mjanja, mwenye macho ya mtoto anayekaribia kukamatwa na kosa. Miamba ilikuwa ya studio, na mandhari ya kuchorwa haikuficha kwamba imechorwa. Hakuna aliyejali. Tarehe 14 Mei 1985 Barbara Yung alikufa, akiwa na miaka 26. Sasa, Jin Yong hakuwahi kutuonyesha kifo cha Huang Rong. Kinatajwa tu kwa kupita, miaka mingi baadaye, katika riwaya nyingine: yeye na mumewe walikufa mji wa Xiangyang ulipoanguka. Pale mwandishi aliporuka, mwigizaji akafa kweli. Tangu hapo kila Huang Rong mpya, na wamekuwa wengi, hupimwa kwa marehemu, na mara nyingi kwa dhuluma, maana msichana wa watu hakuomba kurithi matanga.

Riwaya ya Upanga wa Mbingu yenyewe inalijua zoezi hili la kumvalisha mtu nafasi ya aliyekwenda. Xie Xun aliuliwa wazazi, mke na mtoto mchanga na mwalimu wake mwenyewe, Cheng Kun. Mtoto wake aliitwa Wuji. Anapozaliwa mwana wa Cuishan kwenye kisiwa cha barafu, anapewa jina hilo hilo, na Xie Xun, ambaye sasa ni kipofu, anamlea.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizizoea filamu za Kichina kwa ngumi zake. Nani alifiwa na nani, hilo lilipita wakati watu wakibishana kuhusu mtindo wa teke. Na hata matoleo marefu ya televisheni hufanana na kibanda cha video yakifika mwisho wa Xie Xun. Pambano lake na Cheng Kun hupewa nafasi ya kutosha: anampofusha adui yake, kisha anaivunja kwa hiari yake nguvu yote ya kungfu aliyokuwa nayo. Jin Yong hakuishia hapo. Xie Xun anawaita wafiwa, wale aliowaulia baba na ndugu alipokuwa akiutafuta uso wa Cheng Kun kila mahali, waje wajilipizie. Wanakuja. Huyu anampiga kofi, yule anamtemea mate usoni, naye hajikingi. Hakuna upanga wala mruko angani, kwa hiyo kwenye televisheni sehemu hiyo hukatwa ikawa fupi. Kwangu mimi ndiyo ya kwanza ninayoitafuta kila toleo jipya linapotoka.