Shika Hisabati Kwanza: Barua kwa Mpwa Wangu

Nyacheki, Kisii

Mpwa wangu mpendwa,

Nyanya yako anakuombea kila jioni. Tumefurahi mno kusikia umepata nafasi ya kusomea kriptografia katika shahada ya uzamili. Mimi nimefundisha hisabati miaka mingi, kwa hiyo nina wosia mmoja: shika hisabati yenyewe kabla ya kushika mifumo.

Unajua tayari kwamba mwaka 1976 Diffie na Hellman walionyesha jinsi watu wasiowahi kukutana wanavyoweza kukubaliana siri huku adui akiwasikiliza, na kwamba mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakabuni mfumo wa usimbaji wa RSA. Huko unakokwenda utaulizwa swali zito zaidi: umejuaje kwamba mfumo huu hauvunjiki? Mwaka 1982 Goldwasser na Micali waliliwekea msingi, walipoeleza kwa lugha ya hisabati maana ya ujumbe kuwa salama. Tangu hapo, anayedai mfumo wake ni salama mara nyingi hutakiwa aonyeshe kuwa atakayeuvunja atakuwa ametatua pia tatizo gumu lililowashinda wataalamu.

Ila tatizo lenyewe likilegea, uthibitisho wote unaanguka nalo. Mfumo wa SIKE ulikuwa umevuka raundi tatu za mchujo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ukitarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Julai 2022, Wouter Castryck na Thomas Decru wa Leuven, Ubelgiji, waliuvunja katika kiwango chake cha chini cha usalama kwa muda wa saa moja hivi, kwa kompyuta ya kawaida. Walitumia nadharia ya Ernst Kani ya mwaka 1997, iliyohusu jiometri ya aljebra. Aliyesoma mifumo peke yake asingeiona njia hiyo.

Kwa hiyo usikimbie aljebra, nadharia ya namba wala uwezekano. Kila uthibitisho utakaofundishwa, funga kitabu uuandike upya mwenyewe. Kisha ingia kwenye latisi, yaani mpangilio wa nukta unaojirudia, kwa maana viwango viwili kati ya vitatu vya kuhimili kompyuta za kwanta ambavyo NIST ilitoa Agosti 2024 vimejengwa juu yake.

Usidhani mambo haya ni ya ughaibuni. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hata mama muuza ndizi wa hapa sokoni huweka akiba yake kwenye simu, na akiba hiyo hulindwa kwa kriptografia. Peter Shor alishaonyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha itaivunja RSA. Mabenki na kampuni za simu zikianza kubadilisha mifumo yao, Kenya itahitaji watu wake wenyewe wa kuukagua uthibitisho na kukataa kilicho dhaifu.

Uwe mmoja wao, mwanangu. Soma kwa bidii, uliza usipoelewa, na ukihitimu uje uwafundishe vijana wa Bobasi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.