Kabla ya Kuubeba Mzigo



Juma hili tafakari yetu imezaliwa mahali ambapo hatukupatazamia, yaani katika jalada la kazi la kijana mmoja wa parokia anayesomea usanifu wa grafiki katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kazi hiyo vijana wenyewe huiita udizaina. Yuko mwaka wa mwisho, na ameitwa kwenye usaili na kampuni moja inayochapa lebo na vifungashio vya bidhaa. Alikuja nyumbani Tabora kwa likizo fupi, akatuomba tumsaidie kujiandaa. Mama yake amemsomesha kwa biashara ya karanga na mchele, na nyuma yake yupo mdogo wake wa kike anayengoja zamu yake ya kwenda chuo. Hivyo usaili huu si jambo dogo katika nyumba ile. Ametupa ruhusa ya kuuandika, ila jina lake libaki kwake.

Tulipomwuliza amejiandaa vipi, alitujibu kwa Maandiko. Alisema kwamba Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wasihangaike watasema nini, maana watapewa la kusema saa ileile. Tulicheka, kisha tukafungua pamoja naye sura ya 10 ya Injili ya Mathayo tukaisoma yote. Maneno yale waliambiwa watu ambao wangeburutwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili ya jina lake. Hawakuambiwa watu waendao kuomba kazi kwa hiari yao, wakiwa na nauli mfukoni na siku kumi za kujitayarisha. Watu wa namna hii, kwa maoni yetu, wanahusika zaidi na waraka wa kwanza wa Mtume Petro, anapowataka waamini wawe tayari siku zote kumjibu kila aulizaye sababu ya tumaini lililo ndani yao, na wajibu kwa upole. Ikiwa hata tumaini letu huulizwa sababu, sembuse lebo ya chupa ya asali!

Na sisi tunaoishi hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kujiandaa. Mji wetu, ambao wasafiri wa kwanza wa Kizungu waliuita Kazeh, ulikua kwa sababu ya safari. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, ilipita hapa Unyanyembe, na wengi wa wapagazi wake walikuwa vijana wa Kinyamwezi. Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi alizoea tangu udogo wake kubeba begani kipande kidogo cha pembe ya ndovu. Mzigo wa mtu mzima ulifika frasila mbili, kilo 32 hivi, na mpagazi hakuupokea kwa kuutazama tu. Aliuinua, akaupima uzito, akagombana ikiwa umefungwa vibaya, kwa kuwa baada ya hapo ulikuwa juu ya bega lake yeye. (Hatusahau kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na machozi yao. Tunaisifu akili ya wapagazi, hatuisifu biashara ile.)

Lipo jambo jingine la misafara ambalo msanifu wa grafiki anapaswa kulipenda, nalo ni habari ya ushanga. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akijiandaa kule Unguja kwa safari ya kumtafuta Livingstone, ilimbidi kwanza aulizie ni rangi gani inayopokelewa wapi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi walipokea ushanga mwekundu, ule ulioitwa samesame, na kukataa mwingine. Ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo, lakini kwa makabila mengine ulikuwa takataka. Hebu fikirini, mtu angeweza kulipa wapagazi miezi kadhaa wamebeba rangi ambayo wenyeji wangeitazama na kugeuka. Tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 lipo pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini.

Tulimwuliza kijana wetu: Unakokwenda wanapokea ushanga gani? Hakujua. Alijua jina la kampuni na mtaa ilipo, basi. Tukamtuma sokoni na madukani atafute bidhaa zilizofungwa kwa kazi ya kampuni ile, maana jina la mchapaji mara nyingi huandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Alirudi jioni na mfuko wa unga, pakiti ya majani ya chai na lebo aliyoibandua kwenye chupa, na tangu saa ile mazungumzo yetu yalibadilika. Alitambua kwamba watu wale hawatengenezi mabango ya kupendeza kwenye simu. Wanatengeneza vitu vinavyoshikwa na mikono yenye mafuta, vinavyokaa juani kwenye magenge, vinavyosomwa na bibi asiye na miwani.

Juu ya mavazi hatuna mengi ya kusema: shati lililopigwa pasi na viatu vilivyofutwa vumbi la Tabora vinatosha, na mama yake anayajua hayo kuliko sisi. Juu ya lugha, alikuwa amekariri ukurasa mzima wa kujisifu kwa Kiingereza, nao ulimkauka mdomoni kila tulipomkatiza kwa swali. Tulimshauri auache, ajue badala yake majina ya vitu vya kazi yake katika lugha zote mbili, kisha ajibu kwa lugha atakayoulizwa.

Tulikuwa na kitabu cha zamani rafuni, kimechapwa hapahapa na TMP Book Department, ile idara ya vitabu ya kiwanda cha chapa cha misioni kilichokuwa Kipalapala. Vijana wengi hawajui kwamba gazeti la Kanisa, Kiongozi, lilianzia hapa Tabora mwaka 1950, na kwamba wakati huo herufi zilikuwa vipande vya risasi vilivyopangwa mstari kwa mstari. Tulimpa kile kitabu tukamwomba atueleze kimepangwaje. Alieleza kwa robo saa bila kugugumia: kwa nini nafasi ya upande wa mshono ni pana, kwa nini vichwa vya sura vimeachiwa hewa, wapi mpangaji alibanwa na upungufu wa karatasi. Tukamwambia, mwanangu, sasa zieleze hivyohivyo kazi zako.

Jalada lake lilikuwa na kazi 12. Ya kwanza ilikuwa lebo ya asali aliyoitengenezea kikundi cha wafuga nyuki wa wilaya ya Sikonge, ambao kabla ya hapo waliuza asali yao katika chupa zilizokwisha kutumika, bila jina wala anwani. Aliieleza vizuri. Alisema rangi ya asali iliyong'aa kwenye kioo cha kompyuta, kinachotumia mwanga, ilitoka kama tope kwenye karatasi, kwa kuwa mashine ya chapa hutumia wino wa rangi nne. Alirudia mara tatu mpaka ikapatikana. Alisema ameacha ukingo wa milimita 3 kwa ajili ya kisu cha kukatia. Kisha tukagusa alama ndogo pembeni, ile ya ubora ya TBS, tukamwuliza kama wale wafuga nyuki wana leseni yake. Akanyamaza. Aliiweka, alisema, kwa sababu lebo ilionekana tupu. Ikumbukwe kwamba alama ile hairuhusiwi kutumiwa ila kwa leseni ya Shirika la Viwango, na watu wanaochapa vifungashio kila siku wangeiona kabla hawajaiona asali yenyewe.

Lakini uzito ulikuwa mbele. Tulipofika kazi ya nane, maelezo yake yalianza kukauka. Bango la tamasha, nembo ya hoteli, kalenda na nyingine mbili, zote za kuvutia kuliko zile za mwanzo, hakuweza kutuambia kwa nini rangi ile na si nyingine. Baada ya maswali machache alikiri: mbili zilichukuliwa kwenye intaneti na kubadilishwa majina, tatu zilitengenezwa na programu ya akili mnemba kwa sentensi moja moja. Chini ya zote tano lilikuwapo jina lake.

Hatusemi kwamba kutumia akili mnemba ni dhambi. Ni chombo, na kampuni ile yenyewe huenda inacho. Tulichomwambia ni kwamba kuandika jina lako chini ya kazi usiyoifanya kunagusa amri ya saba na ya nane kwa mpigo mmoja. Yeye naye hakukaa kimya. "Padre," alisema, "wenzangu wote wanafanya hivyo. Nikienda na kazi saba hizi za kawaida, watasema sina kitu. Ukweli wangu utamlisha mama?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu la kumhakikishia kazi, wala hatukujaribu kulitunga. Tunajua vijana waliosema kweli wakarudi mikono mitupu, na wengine waliodanganya wakapokelewa. Tulichoweza kumwambia ni hili: siku ya kwanza kazini ataombwa atengeneze kama lile bango, na siku hiyo hatakuwa na pa kujificha. Tukamwonyesha pia picha ya sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliipiga hapa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, katika karakana ya reli na kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja una tembo na mlima nyuma yake, kazi ya watu waliobanwa wasio na vifaa vya kutosha. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wakusanyaji bado wanazitenganisha aina zake mbili kwa kutazama pambo dogo upande wa tai linaishia chini ya herufi gani. Wapo watu duniani, tulimwambia, ambao kazi yao ni kuuliza kwa nini pambo limesogea kidogo vile. Na huenda mmoja wao atakaa mbele yako Jumanne.

Aliondoka bila kutuahidi lolote. Kesho yake, baada ya Misa ya asubuhi, alituletea jalada lenye kazi saba. Zile tano hazikuwamo. Mahali pake alikuwa amebandika michoro yake ya penseli ya lebo ya asali, mitatu, pamoja na ile karatasi iliyotoka rangi ya tope, na kando yake ameandika kwa mkono nini kiliharibika na jinsi alivyokirekebisha. Alama ya TBS ameifuta, akaacha nafasi yake wazi hadi wenye asali watakapopata leseni. Mama yake, alituambia, aliliangalia jalada hilo jana usiku, akauliza kwa nini limepungua, naye alimweleza yote. Mama hakusema kitu, akaendelea kuchambua mchele.

Ameondoka kwa basi Jumamosi alfajiri, na chupa moja ya asali yenye lebo ameifunga ndani ya sweta ili isivunjike. Usaili ni Jumanne saa tatu asubuhi. Tunaomba mumkumbuke katika sala zenu, yeye, mama yake na yule mdogo wake.

Tunawatakia Dominika njema.