Ushauri kwa Njia ya Simu

Mwaka huu hatuandiki juu ya tajwidi. Tunaandika juu ya nafsi yetu, na haikuwa rahisi kushika kalamu.

Februari 2022 tulifiwa na mama mzazi. Tukazika, tukasoma hitma, watu wakatawanyika. Usingizi nao ukatukimbia. Tulikuwa tukiamka saa nane usiku na kukaa hadi adhana ya Alfajiri, kisha tunaingia darasani na macho mekundu. Siku moja mtoto wa Juzuu Amma alikosea aya moja ya Surat An-Naba, tukamchapa kupita kiasi. Hakulia. Alitutazama tu.

Wengine walisema ni jini. Tukasomewa ruqya, nayo tunaishukuru. Wengine walisema mwalimu wa dini hawezi kuugua moyo, na hao ndio tuliowaamini zaidi. Kumbe Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua.

Kutoka hapa Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na Mirembe ya Dodoma ni mbali zaidi. Rafiki tuliyesoma naye diploma akatuunganisha kwa simu na mshauri nasaha aliyeko Dar es Salaam. Tukapanga kila Jumamosi baada ya Alasiri. Nyumbani watoto wana masikio, basi tukavaa koti tukapanda upande wa milima ya Mbizi, mtandao unakoshika na upepo wa Juni unakochoma. Picha ilikuwa ikiganda, mdomo wake wazi kama apigaye miayo. Tukaacha video, tukabaki na sauti. Kwa kweli ilikuwa nafuu, maana usiyemwona humwonei haya sana. Ila simu ilipokatika katikati ya kilio, tulibaki na mbuzi wa watu wakitutazama.

Hakutuhubiria. Aliuliza tunalala saa ngapi, tunakula nini, mama alikuwa akituitaje. Wiki ya nne akauliza, "Na yule mtoto, Ustadhi, umeshazungumza naye?" Tukanyamaza mpaka salio likaisha.

(Nyinyi wanafunzi msihofu salio. Namba 116, simu ya kuwasaidia watoto inayoendeshwa na C-Sema, haitozwi hela, na mnaweza kuipiga hata kwa kosa la mwalimu.)

Jumatatu jioni tulikwenda kwao, tukawakuta wakipukuchua mahindi. Tukamwomba mtoto radhi mbele ya baba yake. Baba aliinamisha kichwa, akaendelea na gunzi lake. Mtoto akasema, "Nimekusamehe, Ustadhi." Kisha akauliza kama kesho aanze An-Naba upya au aendelee alipoishia.