Kona ya Kushoto na Kona ya Kuume kule Kasenga

Wamama wengi wa chama wanaijua njia ya Kasenga kwa sababu ya samaki. Kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 200. Mkifika Kasomeno, njia ya Pweto inaendelea kaskazini, nanyi mnakata kuume mpaka mto Luapula. Ng'ambo ni Zambia. Tangu wakati wa wakoloni, wafanyabiashara Wagiriki walipokuwa wakipeleka samaki mjini kwa wafanyakazi wa migodi, Kasenga inalisha Lubumbashi. Leo, tukifika pale, anayetubeba na mabeseni yetu ni kijana wa pikipiki.

Tukikaa nyuma yake tunaona jambo moja: kona ya upande mmoja anaiingia bila wasiwasi, ya upande wa pili anasita. Kuna sababu. Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kukata kuume ni kona fupi, humkatii mtu njia. Kukata kushoto ni kupita mbele ya magari yanayokuja. Zambia wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mambo yanageuka: vuka Luapula kwa mtumbwi, na kona iliyokuwa rahisi asubuhi inakuwa ya hatari mchana. Kijana aliyezoea ng'ambo moja, macho yake yanatangulia kutazama kule alikozoea.

Pikipiki yenyewe pia ina pande zake. Mpini wa kuongeza mwendo uko mkono wa kuume, pamoja na breki ya mbele. Breki ya nyuma iko mguu wa kuume. Ndiyo maana dereva akisimama huweka chini mguu wa kushoto, na upande huo anazoea kuuegemea.

Kwetu abiria, hatari kubwa iko katika kushuka. Bomba la moshi kwa kawaida liko kuume, nalo huunguza mguu, kwa hiyo tunashukia kushoto. Pikipiki nyingi tunazopanda zinatoka India, ambako wanaendesha upande wa kushoto: kule abiria akishuka kushoto anakanyaga kando ya njia. Kasenga au Lubumbashi, akishuka kushoto anakanyaga katikati ya njia, magari yakipita. Basi kabla ya kushuka tumwambie: “Mwanangu, toka kwanza kabisa barabarani.” Tusione haya kumwambia.

Katika kona tumsaidie. Tukikaa upande kwa sababu ya kikwembe, miguu yote ikining'inia kushoto, uzito unalala upande mmoja na kona zinakuwa ngumu kwake. Ni heri kuvaa suruali chini ya kikwembe na kukaa katikati. Beseni lifungwe vizuri nyuma, lisishikwe kwa mkono mmoja. Akikata kuume, tazama juu ya bega lake la kuume. Akikata kushoto, juu ya bega la kushoto. Mwili utafuata wenyewe. Ukijivuta kinyume kwa woga, unamvuta naye.

Na watoto wetu? Familia nyingi za Kasenga zina ndugu pande zote mbili za mto, na watoto wanakwenda kuwatembelea. Tena kuna mpango wa barabara ya Kasomeno mpaka Mwenda, Zambia, yenye daraja juu ya Luapula. Daraja likiisha, magari na pikipiki vitavuka, na kila dereva atavuka na mazoea yake.

Tuwafundishe kwa mkono wa bukari, ambao kila mtoto anaujua. Kongo magari hushika upande wa mkono wa bukari. Kwa hiyo anayetaka kuvuka kwa miguu atazame kwanza mkono ule mwingine, kisha wa bukari, kisha arudie wa kwanza. Zambia aanze na mkono wa bukari. Somo hili latosha jioni moja, watoto wakiwa wamezunguka sahani, kabla ya kunawa.