Jaketi 12, Majina 20

Vijana wenzetu, wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Kwa sababu hiyo, tulipopanga safari yetu ya mashua ndogo za tanga, tulianza na upepo. Kutweka tanga Kalemie na kuelekea kusini kungekuwa kushindana nao. Tuliamua kuzipakia mashua 4 katika lori hadi Moba, kisha turudi kaskazini tukisukumwa na upepo huohuo, na kupumzika Mpala, penye misheni ya kale waliyoipokea Mapadri Weupe mwaka 1885.

Chakula na nauli ya lori havikutugawanya. Kilichotugawanya ni jaketi za kuelea. Tulikuwa nazo 12; waliojiandikisha walikuwa 20. Baadhi yetu walisema: “Tutaambaa pwani tu, wajuao kuogelea wasafiri bila jaketi.” Mwenzetu mmoja, mwana wa mvuvi na mwogeleaji hodari kuliko sisi sote, akauliza: “Mashua ikipinduka, mtaniokoa mimi kwanza, au mtamngoja anayeelea?” Tukanyamaza. Ziwa hili kina chake hufikia mita 1,470, na mawimbi ya kiangazi hayaulizi nani anajua kuogelea.

Basi wataondoka 12. Yeye ndiye aliyefuta jina lake kwanza. Wengine 7 wakafuata, wawili kati yao kwa machozi. Tanga hazijatwekwa bado, nasi tayari tunajua safari hii imegharimu nini, na nani ameilipa.