Kompyuta ya zamani, diski mpya

Kompyuta ninayotumia kuandika habari za mtaa wetu hapa Bukavu ilianza kugonga ndani kila ninapoiwasha: ta, ta, ta. Mafundi wanaijua sauti hiyo. Diski kuu inakaribia kufa. Na ndani yake kuna picha na sauti za wakaaji nilizokusanya kwa miaka mingi. Masini inaweza kununuliwa tena, lakini sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hainunuliwi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni nilinakili kwanza. Diski inayogonga haifai kuwashwa ovyo, kwani kila mara inaweza kuwa ya mwisho. Nilianza na sauti na picha. Programu niliziacha, hizo zinapatikana popote.

Kisha nilifungua masini nitazame waya. Waya mpana na bapa wenye matundu 40 ni wa IDE, mtindo wa zamani sana. Waya mwembamba ni wa SATA. Yangu ni ya mwaka 2009, ina SATA, basi diski za leo zinaingia.

Sokoni nilionyeshwa mbili kwa bei moja: diski ya kuzunguka ya GB 1,000 iliyokwisha kutumika, ao SSD mpya ya GB 240. Nilichukua ile ndogo. Diski ya kuzunguka ina sahani inayozunguka mara 5,400 ao 7,200 kwa dakika, na hakuna ajuaye imezunguka miaka mingapi kwa mwenyewe wa kwanza. SSD haina chuma kinachozunguka. Lakini tusidanganyane: umeme ukikatika wakati inaandika, nayo inaweza kupoteza faili. Batri ya akiba bado ni lazima.

Nyumbani niliipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza diski yote na kuisoma tena. Diski bandia inajulikana hapo, kwani inajidai kuwa na nafasi isiyo nayo. Niliingia BIOS, nikaweka SATA kwenye AHCI kabla ya kusimika mfumo. Kwa BIOS ya zamani nilichagua mgawanyo wa MBR, ambao unafika TB 2, kwa hiyo GB 240 hazina shida. Zamani masini ilichukua zaidi ya dakika mbili kuwaka, sasa haifiki nusu dakika.

Diski ya zamani sikuifuta. Nakala nyingine iko kwa dada yangu, mtaa mwingine. Nyumba zetu za mbao zimeshikana, na moto ukiwaka hauulizi diski ni mpya ao ya zamani. Ndugu msomaji, ukiwa na picha za familia mahali pamoja tu, nunua hata flashi ndogo wiki hii, kabla masini yako haijaanza kugonga.